Mwana Shaba ni Nani? Shujaa wa Madini katika Hadithi za Picha, Akitazamwa Kutoka Likasi

Makala haya yanahusu hadithi za picha, zile ambazo wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi huziita katuni, na wenzao wa Lubumbashi na Likasi huziita bédé kwa kufuata Kifaransa. Ni uwanja ambao wataalamu wa Kiswahili wameugusia juujuu tu. Pale walipoingia, wamevutiwa zaidi na upande wa mashariki: Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo la Kenya, au jarida la Sani la Tanzania, ambamo Ndumilakuwili na Lodi Lofa waliwachekesha wasomaji wa rika zote. Katanga, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi, ya soko na ya nyumbani kwa vizazi kadhaa, imeachiwa wanahistoria na wanaanthropolojia. Tunakusudia hapa kusoma sambamba kazi mbili ambazo kwa kawaida hazingewekwa kwenye meza moja. Ya kwanza ni jarida la Kimarekani Jungle Action, ambamo shujaa Black Panther alipewa makao mwaka 1973. Ya pili ni Les refoulés du Katanga, hadithi ya picha ya Pie Tshibanda iliyotoka katikati ya miaka ya 1990. Zote mbili zinazunguka swali moja: madini yakiwa ni mali ya nchi, mwana wa nchi hiyo ni nani?

Likasi ni mahali panapofaa kuliulizia swali hilo. Mji huu, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa makampuni ya Kibelgiji, ulizaliwa na shaba na kulelewa na shaba. Viwanda vya Panda na Shituru ndivyo vilivyoupa mji umbo lake. Si mbali upande wa magharibi upo mgodi wa Shinkolobwe, ambako kulitoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kwa hiyo mtu akitaka madini ya ajabu, yenye nguvu za kugeuza historia ya dunia, hana haja ya kuyabuni. Yalichimbwa hapa na kupakiwa kwenye magunia na mapipa. Huko Ulaya jina la Jadotville hukumbukwa kwa jambo jingine: kikosi cha Waayalandi wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa na majeshi ya Katanga Septemba 1961, wakapigana siku kadhaa na hatimaye kujisalimisha. Filamu iliyotengenezwa juu yao mwaka 2016 imewafanya mashujaa. Wakazi wa mji wenyewe hawana nafasi kubwa katika filamu hiyo, na jambo hilo lisimshangaze mtu: mji wa madini umezoea kuwa jukwaa la ushujaa wa watu wengine.

Mwaka 1966 unatudai tusimame kidogo. Katika mwaka huo Jadotville iliacha jina lake la kikoloni na kuwa Likasi. Mwezi Juni ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Bakajika, iliyorudisha mikononi mwa dola ya Kongo haki za ardhi na madini zilizokuwa zimegawiwa makampuni. Mwaka ulipokuwa unakwisha, serikali ya Mobutu iliinyang'anya Union Minière du Haut-Katanga mali zake, na Januari 1967 likaanza shirika la taifa lililokuja kuitwa Gécamines. Katikati ya mwaka huohuo, huko New York, Stan Lee na Jack Kirby walichapisha katika Fantastic Four, toleo la 52 na la 53, hadithi ya mfalme wa Kiafrika aitwaye T'Challa, Black Panther, ambaye utajiri wote wa nchi yake Wakanda unatokana na madini yasiyopatikana kwingine, vibranium. Mgeni mwenye silaha, Klaw, alikuja kuyapora. Akamuua mfalme T'Chaka, baba wa T'Challa. Mwana akalipiza kisasi na kuyalinda madini. Hatudai kwamba waandishi hao waliikusudia Katanga. Lakini msomaji wa Likasi hahitaji mkalimani ili kuielewa hadithi hiyo. Ndoto iliyochorwa New York na sheria iliyopitishwa Kinshasa zilisema jambo moja: kilicho chini ya ardhi ni cha wenye ardhi.

Jungle Action lilikuwa jarida la mkusanyiko, na hapo ndipo lilipo pendeleo lake kwa mwanahistoria. Matoleo yake manne ya kwanza ya miaka ya 1972 na 1973 yalichapa upya hadithi za miaka ya 1950 kuhusu Wazungu wanaotawala msitu, akina Lorna na Tharn, ambao Waafrika wa kuchorwa huwapigia magoti. Toleo la 5 lilirudia hadithi ya zamani ya Black Panther. Katika toleo la 6, la Septemba 1973, mwandishi Don McGregor na mchoraji Rich Buckler walianza mfululizo mpya ulioendelea hadi toleo la 18 mwaka 1975, kwa sehemu kubwa ukichorwa na Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache wa kampuni ya Marvel wakati huo. Mageuzi hayo yanastahili kusifiwa. Jarida lenye neno «msitu» katika jina lake, lililoanza kwa kuwakweza Wazungu waliovaa ngozi za wanyama, liliishia kuwa na wahusika karibu wote weusi, kwa hoja rahisi ya McGregor kwamba hadithi inayotokea Afrika haina haja ya kumtafuta Mzungu wa kuibeba.

Aidha, hadithi yenyewe si ya kitoto. Mfalme amerudi nyumbani baada ya kukaa Marekani na anakuta nchi imegawanyika. Adui yake, Killmonger, si mvamizi wa nje. Ni mwana wa Wakanda aliyepoteza wazazi wakati wa uvamizi wa Klaw, akachukuliwa kwa nguvu, akafika Harlem, kisha akarejea na hasira yake. Katika pambano la kwanza anamshinda mfalme na kumtupa kwenye maporomoko ya maji. Kwa mashairi yake marefu yasiyo na vina, McGregor mara nyingine humchosha msomaji, na vibonzo vyake vimejaa maneno hata picha hukosa pa kupumulia. Hata hivyo anathubutu kuuliza kama mfalme aliyekaa mbali bado ana haki ya kuitwa mwana wa nchi. Yupo pia mgeni mmoja mwenye uzito, mwimbaji Mmarekani Monica Lynne, mpenzi wa mfalme, ambaye wenyeji humtazama kwa jicho la shaka na hata kumsingizia mauaji.

Lakini hapo ndipo mwisho wa ujasiri wake. Mgeni wa Wakanda ni mpenzi wa mfalme; kamwe si mfanyakazi. Nchi nzima inaishi kwa madini, na bado hatuoni msajili wa vibarua, kambi, posho, wala mtu aliyetoka mkoa wa mbali akaoa, akazaa na kuzikwa kando ya mgodi. Wachimbaji na wafalme ni wa ukoo mmoja tangu zamani. Hiyo ndiyo hadithi ya kubuni iliyo kubwa zaidi katika Jungle Action, kubwa kuliko chuma kinachomeza sauti. Katika historia ya kweli ya Afrika ya Kati mgodi haukukuta watu wake tayari. Uliwatafuta, uliwaleta, na mara nyingine uliwalazimisha.

Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1928 njia ya kaskazini, inayopita Likasi, Tenke na Kamina, iliunganishwa hadi Ilebo katika Kasai. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitegemea kwanza vibarua wa muda, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake. Badala ya kibarua wa miezi michache, ilitaka mfanyakazi wa kudumu, aliyeoa, anayekaa kambini pamoja na familia yake. Na waliosajiliwa wengi walitoka Kasai na Ruanda-Urundi. Kampuni iliwapa nyumba, posho, hospitali ya wazazi na shule. Iliwadai pia utii, na ulipokosekana, kama katika mgomo wa Desemba 1941, jibu lilikuwa risasi. Watu waliotoka pande hizo zote walihitaji lugha ya kuelewana, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, ameonyesha jinsi utawala, kampuni na misheni zilivyokiona Kiswahili kuwa chombo cha kazi. Ila watoto waliozaliwa kambini hawakukijua kama chombo. Kilikuwa lugha ya mama yao, hata pale mama mwenyewe alipokuwa bado anaota kwa Kiluba.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwaka 1957 kampuni ilianzisha jarida la wafanyakazi wake na kuliita Mwana Shaba. Baadaye, katika miaka ya 1960, likazaa la watoto, Mwana Shaba Junior, lililokuwa na hadithi za picha. Jina hili linastahili kupewa muda wake. Halisemi «mwana wa shaba». Limeundwa kama mwananchi au mwanamaji, bila kiunganishi, kana kwamba shaba ni nchi ya kuzaliwa. Wingi wake Katanga si wana bali bana, kwa kuwa ba- huko huchukua nafasi ya wa-, na «bana Shaba» likawa jina la kujivunia. Kama baba yako alifanya kazi kwenye kampuni, wewe ni mwana Shaba, uwe Mluba wa Kasai, Mluba wa Katanga, Msanga au Mbemba. Kampuni ni baba; shaba ndiyo nasaba. Hakuna shujaa wa kuruka angani aliyehitajika, maadamu baba mwenyewe aliweza yote.

Kisha historia ikaliwekea jina hilo mtego. Mnamo 1971, katika siasa ya uhalisi wa Kizaire, mkoa wa Katanga ulibatizwa upya kuwa Shaba, na ukabaki na jina hilo hadi 1997. Tangu wakati huo maneno mwana Shaba yakawa na maana mbili zisizoweza kutofautishwa kwa sikio: mtoto wa madini, na mtoto wa mkoa. Katika maandishi mtu angeweza kusaidiwa na herufi kubwa, lakini jarida lilikuwa likiliandika kwa herufi kubwa tangu zamani. Kwa miaka ishirini hivi maana hizo mbili ziliishi nyumba moja bila kugombana.

Kuhusu hadithi za picha zilizotangulia tunaweza kupita haraka. Wakoloni walikuwa na familia ya Mbumbulu katika jarida la Nos Images, lililoanza mwaka 1948, iliyowafundisha Wakongo mwenendo wa «mtu aliyestaarabika». Wamisionari walikuwa na Matamata na Pilipili, vichekesho vya filamu vya padre Albert Van Haelst vilivyopigwa Kasai katika miaka ya 1950, na wahusika hao baadaye wakaingia pia katika vibonzo. Kinshasa ilipata mwaka 1968 Jeunes pour Jeunes, lililoandika Kifaransa kilichochanganyika na lugha ya vijana wa mitaani. Mmoja wa waanzilishi wake, Achille Ngoye, alikuja kuwa mwaka 1996 mwandishi wa kwanza Mwafrika kuchapishwa katika mfululizo wa Série noire huko Paris. Inafaa kutazama lugha. Kinshasa, mtaa uliingia kwenye kibonzo. Katanga, Kiswahili kilipewa jalada, na ndani walizungumza hasa kwa Kifaransa cha shule.

Kiswahili chenyewe kilipata picha zake mahali pengine. Kati ya 1973 na 1974, yaani wakati uleule Jungle Action lilipokuwa likibadili sura, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea na kumsimulia Fabian historia ya Zaire katika mfululizo wa picha zaidi ya mia moja. Simulizi ilikuwa kwa Kiswahili cha Katanga, na Fabian aliichapa mwaka 1996. Wako watakaosema hizo ni michoro ya ukutani, si hadithi ya picha. Kwetu sisi tofauti ni ndogo: fremu inafuata fremu, maandishi yameandikwa ndani ya picha, na mfululizo una mwanzo na mwelekeo. Shujaa wake mkuu, Lumumba, hana nguvu za ajabu. Anakamatwa, anafungwa kamba, anauawa Katanga.

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba; mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mitambo ilichakaa, fedha zilikwenda kwingine, na mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Baba alikuwa anakufa, na wanawe wakaanza kutazamana. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Shaba. Chama cha UFERI, chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, kilikuwa tayari kimewahubiria vijana kwamba Wakasai wamewapora Wakatanga kazi na nyumba zao. Ghasia zilizuka Lubumbashi, kisha zikaipiga Likasi kwa ukali zaidi, na mwaka 1993 zikafika Kolwezi. Watu walifukuzwa majumbani na makazini. Nyumba nyingine zilichomwa. Maelfu walikimbilia shuleni na kwenye stesheni ya Likasi, wakakaa huko wiki nyingi, na wengine miezi, wakisubiri treni. Magonjwa yaliua watoto na wazee, hapo stesheni na njiani. Kwa jumla, mamia ya maelfu waliondolewa mkoani. Walisafirishwa kwa njia ileile ya reli ambayo babu zao walijia kazini.

Neno lililowafukuza lilikuwa la Kiswahili. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Sikio la pwani litatambua upesi kwamba ni ndugu wa vidudu. Sisi tunaofundisha Kiswahili tumezoea kukisifu kuwa lugha ya kuunganisha makabila, na Katanga ni mfano tunaopenda kuutaja. Hapana budi tuutaje wote. Lugha iliyowapa watoto wa kambi jina la bana ndiyo hiyohiyo iliyowaita bilulu, na ngeli ilibadilika pamoja na neno: kutoka ba- ya watu hadi bi- ya vitu.

Hapa ndipo ilipo nafasi ya Pie Tshibanda. Alizaliwa Kolwezi mwaka 1951, akasomea saikolojia, akaandika riwaya na hadithi fupi. Mwaka 1989 alikuwa ametoa Alerte à Kamoto, na mwaka uliofuata mgodi huo ukaporomoka. Kwa kuwa asili ya wazazi wake ni Kasai, naye alifukuzwa. Les refoulés du Katanga ni jibu lake, na kichwa cha kitabu ni hoja tosha. Refoulé ni neno la ofisi: mtu aliyezuiwa mpakani na kurudishwa alikotoka. Lakini mtoto wa Likasi anarudishwa wapi? Wengi wa waliopanda treni hizo hawakuwahi kuiona Kasai. Walishuka Mwene-Ditu wakiwa na Kiswahili midomoni, katika nchi isemayo Kiluba. Kwa kutumia neno la ofisi juu ya watu waliozaliwa mahali wanapofukuzwa, kichwa hicho kinaonyesha uongo uliomo ndani ya neno lenyewe.

Wako watakaolalamika kwamba kitabu hakina shujaa. Tunaona hilo ndilo sharti la ukweli wake. Hadithi ya picha yenye shujaa wa ajabu hutaka adui mwenye sura, ili apigwe ngumi na mambo yaishe. Likasi ya 1992 ilikuwa na majirani. Mtu aliyeelekeza kundi kwenye mlango wako aliujua mlango huo kwa sababu alikuwa amekula ndani. Wapo pia Wakatanga waliowaficha majirani zao, na hao hawakuvaa kinyago cha ushujaa. Swali la lugha nalo linarudi hapa: kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa. Mtu anaweza kusikitika, lakini tukumbuke wasomaji waliokusudiwa. Kifaransa kilisomeka Likasi na Mbuji-Mayi sawia, nacho hakikuwa kimepigiwa kelele usiku nje ya madirisha ya waliofukuzwa.

Tukirudi sasa kwa Black Panther, twaona jambo ambalo New York halikuonekana. Wazo kwamba madini ni ya wenye damu ya nchi ni wazo la ukombozi likielekezwa kwa Klaw au kwa Union Minière. Likigeuzwa na kuelekezwa kwa jirani, ni wazo la stesheni ya Likasi. UFERI haikuhitaji kubuni falsafa mpya. Ilichukua dai la haki la 1966 na kulipunguza upana, kutoka taifa hadi mkoa, kutoka mkoa hadi ukoo. McGregor alimpa Killmonger hasira ya mtu aliyeporwa na akaiona hatari yake. Hakuweza kuona upande wa pili, yaani mtu anayefukuzwa kwa jina la walioporwa, kwa sababu Wakanda yake haikuwa na kambi ya wafanyakazi.

Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha mwaka 2001 utafiti wake juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga kwa jina la Bana Shaba abandonnés par leur père, bana Shaba waliotelekezwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliagwa kwa mpango wa «kuondoka kwa hiari» uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Safari hii hawakuulizwa kabila. Tshibanda mwenyewe alihamia Ubelgiji mwaka 1995 na kujipatia jina kama msimulizi wa jukwaani. Treni kutoka Kasai hazikukoma kuleta watu, na katika miaka ya karibuni magavana na maaskofu wa Katanga wamelazimika tena kusema hadharani juu ya wanaoshuka. Wengi wa wanaoshuka ni vijana, na wanapoulizwa wametoka wapi hujibu kwa Kiswahili walichofundishwa na wazazi waliozaliwa Likasi.